Kazi ya Babu Iliitwaje?

Hivi karibuni tulitembelea wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Tulipokuwa barazani tukimenya korosho, bibi mmoja alisema kwamba marehemu baba yake alikuwa boi. Wajukuu wakaangua kicheko.

Bibi hakutania. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu uling'olewa kwa matingatinga, reli ikajengwa kutoka pwani, Wazungu wakaja na familia zao. Mwaka 1951 mradi ulisitishwa, na reli nayo haikudumu. Karanga hazikupatikana za kutosha, ila majina ya kazi yalibaki.

Boi ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Aliitwa hivyo mwanamume mwenye ndevu, mke na watoto! Aliyefua aliitwa dobi, neno la Kihindi. Aliyelea watoto aliitwa yaya, jina lililotoka kwa Wareno likapitia India kabla ya kufika kwetu. Hospitalini alikuwapo dresa, aliyefunga vidonda, na ofisini tarishi, ambaye siku hizi ni mhudumu.

Wengine walikwenda kukata mkonge Lindi na hata Tanga. Hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Msimamizi wao alikuwa nyapara, jina ambalo leo tunalisikia zaidi magerezani. Hebu fikiri, mama mwenzetu, mumeo aende mbali na nyumbani kwa miezi mingi, na huko ajulikane kwa namba!

Majina mengine yamehama kabisa. Chokoraa alikuwa mtumishi mdogo wa jikoni, msaidizi wa mpishi. Leo tunamwita hivyo mtoto anayelala mitaani, wala hatukumbuki kwamba neno hilo liliwahi kuwa kazi yenye ujira.

Na sisi je? Boi ametoweka, akaja hausigeli. Vijana wamembandika jina la mpirani, beki tatu, na wengi wetu tunalicheka. Wasichana wanaoitwa hivyo wengi hutoka vijiji kama hivi tulivyovitembelea, wakapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa ahadi ya shangazi au ya jirani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na amri za mishahara zimeweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa majumbani pia. Anayeitwa "binti wa nyumbani tu" ni rahisi kupunjwa, maana hata mwenyewe hajioni kuwa ana kazi.

Tulimwuliza bibi kama yule Mzungu alimwita baba yake kwa jina lake. Alifikiri kidogo, akasema hakuwahi kusikia. Kisha naye akatuuliza wasichana wetu wa nyumbani wanaitwa nani, na ni watoto wa nani. Jina tulilitaja upesi. La baba, mmoja wetu alinyamaza.