Kosa 200: jina moja, makosa mawili

Shangazi huandika madeni ya wateja wa duka lake katika programu ya zamani ya DOS, iliyoundwa kwa Turbo Pascal. Kompyuta yake ilipokufa tulimpatia nyingine yenye kasi zaidi. Programu ikakataa kufunguka: kosa 200, kugawanya kwa sifuri. Akadhani madeni yote yamepotea.

Lakini hakuna aliyegawanya kwa sifuri. Programu nyingi za aina hiyo, zinapoanza, hupima kasi ya prosesa: huhesabu mizunguko inayofanyika katika mpigo mmoja wa saa ya kompyuta, kisha huigawanya kwa 55, idadi ya milisekunde za mpigo huo. Prosesa ikizidi megahezi 200 hivi, jibu huwa kubwa mno, haliingii katika biti 16 lilizotengewa. Nayo prosesa ina ishara moja tu kwa makosa mawili: kugawanya kwa sifuri, na jibu lisiloenea. Sisi wa isimu tunaijua homonimia. Sikutarajia kuikuta dukani.

Niliweka DOSBox, inayoiga kompyuta ya zamani na kukuachia uchague kasi yake. Madeni yakatokea yote, pamoja na langu la sabuni.