Makaroni na divai: muchuzi ndio unachagua chupa

Siku hizi hapa Kalemie, ndoa, ubatizo ao sikukuu ya diplome haipiti bila sahani ya makaroni. Bukari iko, wali iko, kuku iko, na pembeni kuna spageti ya tomati. Juu ya meza ya wakubwa wanaweka chupa ya divai. Ile chupa inakula franka mingi kuliko vinywaji vingine. Lakini wageni wanaonja kidogo, wanakunja uso, kiisha wanaomba Simba ao Fanta, na divai inabakia mu glasi.

Mara nyingi divai yenyewe haina kosa. Chupa na muchuzi ndio havikuelewana. Na kwa familia ambayo imekusanya franka miezi mingi juu ya siku moja, ni vizuri kujua mambo haya mbele ya kuingia mu butike.

Makaroni ni kama bukari

Mama akikuambia amepika bukari, swali lako la kwanza ni: na mboga gani? Bukari yenyewe ni unga na maji. Makaroni, ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaita tambi, nayo ni unga wa ngano na maji. Haina ladha kubwa. Kwa hiyo usiulize divai gani inafaa na makaroni. Uliza muchuzi una nini: tomati, nyama, samaki, maziwa ao pilipili?

Waitalia, wenye chakula hicho, wanafanya hivyo tangu zamani. Napoli wanapika sana na tomati, Bologna na nyama. Kila upande unakunywa divai ya milima yake, ile inayoendana na muchuzi wake.

Kuna maneno mawili ya kushika. La kwanza ni uchachu, ile ladha kama ya ndimu inayoleta mate mu kinywa. La pili ni ukakasi: kile kinachokausha ulimi, kama chai kali bila sukari ao ndizi isiyoiva. Divai nyekundu ina ukakasi mingi kwa sababu inatengenezwa pamoja na maganda ya zabibu. Divai nyeupe ina ukakasi kidogo sana, lakini mara nyingi ina uchachu.

Spageti ya tomati

Tomati ina uchachu, na ile ya mukebe inazidi. Ukikunywa divai isiyo na uchachu, tomati inaimeza: divai inakuwa kama maji ya rangi. Kwa hiyo tafuta divai yenye uchachu kama muchuzi wenyewe. Nyekundu nyepesi inafaa. Waitalia wanapenda Chianti ao Barbera. Ukikosa hizo, Merlot nyepesi inaweza kusaidia, ao nyeupe kavu.

Mupishi naye ana kazi yake. Tomati ya mukebe ikaangwe vizuri mu mafuta pamoja na kitunguu mbele ya kuongeza maji, na kijiko kidogo cha sukari kiingie. Muchuzi ukipoa uchachu, divai inapata nafasi.

Nyama ya kusaga

Hapa ndipo nyekundu yenye nguvu inapata kazi: Cabernet Sauvignon, Syrah, ao Pinotage ya Afrika ya Kusini. Ukakasi wake unashikana na nyama na mafuta, kinywa kinabakia safi, na unataka kuongeza kijiko kingine. Chupa ileile ukiinywa bila chakula, utasema ni kali. Ukiinywa na nyama ya ngombe ao ya mbuzi, inakuwa laini.

Ndakala na mikebuka

Sisi ni watu wa ziwa, na wengi wanapika spageti na samaki: ndakala, mikebuka ya kukausha, ao sardini ya mukebe. Hapa watu wanapoteza franka zaidi, kwa sababu wanafikiri divai ya sikukuu lazima iwe nyekundu. Ukichanganya nyekundu kali na samaki, unasikia ladha kama ya chuma, na harufu ya samaki inazidi mu kinywa.

Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2009, watafiti wa kampuni ya Mercian, mu Japani, walionjesha watu divai mbalimbali pamoja na chakula cha bahari. Walikuta kama ile harufu mbaya inatokea zaidi pale divai ina madini ya chuma mingi. Na nyekundu mara nyingi inayo kuliko nyeupe.

Kwa samaki, basi, chukua nyeupe kavu na ya baridi: Sauvignon Blanc ao Chenin Blanc. Uchachu wake unafanya kazi ya ndimu tunayokamulia samaki. Chenin Blanc inalimwa sana Afrika ya Kusini, na iko hata ng'ambo ya ziwa letu: Dodoma, mu Tanzania, wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kati ya mimea yao kuna hiyo Chenin Blanc pamoja na nyekundu inayoitwa Makutupora.

Maziwa na fromaji

Kuna wanaotia maziwa, siagi na fromaji ya Masisi. Muchuzi wa namna hiyo ni muzito na unajaza kinywa. Nyeupe yenye mwili kidogo, kama Chardonnay, inafaa vizuri. Nyekundu nyepesi nayo inapita.

Pilipili na mafuta ya ngazi

Pilipili na pombe ya nguvu ni moto juu ya moto. Divai ya digri 14 inafanya pilipili iwake zaidi, na ukakasi unaongeza uchungu. Kama muchuzi una pilipili mingi, chukua divai yenye digri kidogo na utamu kidogo, iwe ya baridi. Mafuta ya ngazi yanaomba uchachu: nyeupe ya baridi inayakata.

Soma karatasi ya chupa

Si kila chupa nyekundu ni divai. Zingine ni maji, sukari, rangi na pombe. Karatasi ikisema tu « vin », ni divai ya zabibu. Ikisema « boisson aromatisée à base de vin », ni kinywaji kilichochanganywa. « Sec » maana yake kavu, bila sukari. « Demi-sec » ina utamu kidogo, na « moelleux » ao « doux » ni tamu. Wengi wanaosema hawapendi divai walionja « sec » wakiwa wanangojea utamu. Kwa wageni wasiozoea, « demi-sec » ni njia ya katikati.

Angalia vilevile mahali chupa imesimama. Ikiwa imekaa juani wiki nyingi, ao kizibo kimesukumwa juu, uiache. Joto linaua divai.

Nyeupe inywewe ya baridi. Nyekundu nayo isiwe ya moto kama hewa yetu ya mwezi wa kumi: digri 16 mpaka 18 zinatosha, ni kusema dakika 20 ao 30 mu frigo. Kuran ikikatika, chukua beseni la maji, tia barafu na chumvi, na uzamishe chupa humo.

Nguvu yake tuijue

Divai si Fanta ya wakubwa. Chupa moja ya santilita 75 yenye digri 13 ina pombe karibu sawa na chupa kubwa tatu za bia ya digri 5. Inatosha watu watano, glasi ndogo moja kwa kila mutu. Anayeimaliza peke yake na kiisha anapanda pikipiki anahatarisha maisha yake na ya wengine. Kuchanganya na lutuku ni hatari zaidi. Mama mwenye mimba na watoto wasiinywe hata kidogo. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikumbusha kama hakuna kiasi cha pombe ambacho hakina hatari kwa mwili. Kwa hiyo anayekunywa akunywe kidogo, na chakula, na maji pembeni.

Kwa wasiokunywa pombe

Mu Kalemie, familia nyingi za waislamu na za makanisa mbalimbali hazigusi pombe. Kanuni ya muchuzi inawafaa vilevile. Kwa samaki, weka maji ya ndimu yenye sukari kidogo. Kwa tomati na nyama, maji ya ngai-ngai ya baridi, ambayo yana rangi, uchachu na hata ukakasi kidogo kama divai. Kwa maziwa na fromaji, tangawisi, kwa sababu ukali wake unakata uzito. Lakini tangawisi usiiweke pamoja na pilipili mingi.

Kwa hiyo, mbele ya kwenda kununua, pita kwanza mu jiko. Uliza wamama wanaopika: muchuzi utakuwa wa nini? Kama ni nyama, nyekundu. Kama ni samaki ya ziwa letu, nyeupe. Kama ni pilipili, yenye utamu kidogo. Chupa mbili zilizochaguliwa vizuri zitafurahisha meza kuliko sita zinazobakia mu glasi.