Karatasi ya mtoto isiachwe bandarini

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kati ya Kismayo na Lamu haondoki bila stakabadhi. Anajua kilo ngapi zimepakiwa, nani amelipwa na nani anadai. Lakini mtoto wake asiyesikia, au mwenye usonji, akihamishiwa kwa shangazi yake Lamu au Mombasa, anaweza kwenda bila hata karatasi moja. Mwalimu mpya huanza kubahatisha, na muhula unakwisha akitafuta kile ambacho mwalimu wa awali alishakijua.

Jambo hili linazigusa sana familia za Wabajuni. Tangu vita vya 1991, wengi wa Koyama, Chovai, Chula na Kismayo wana ndugu upande wa Kenya, na watoto hulelewa huku na huku. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Somalia ikafuata mwaka 2019. Kifungu cha 24 kinataka mwanafunzi apewe msaada unaolingana na mahitaji yake, ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ahadi zipo pande zote mbili. Mzazi ndiye hajaambiwa aombe nini.

Upande wa Kenya, hatua ya kwanza ni tathmini. Vituo vyake, vinavyojulikana kama EARC, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mtoto huangaliwa kusikia, kuona, viungo na uelewa, kisha mzazi hushauriwa kuhusu shule: ya kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Baada ya hapo walimu na mzazi huandaa mpango wa masomo wa mtoto huyo peke yake. Huandikwa anaweza nini sasa, afike wapi mwisho wa muhula, nani atamsaidia, na lini mpango utapitiwa tena. “Atajifunza kusoma” ni maneno matupu. “Atatambua herufi kumi bila kusaidiwa ifikapo Novemba” ni ahadi ambayo mzazi anaweza kuidai, kama anavyodai deni la dukani.

Kuna mtego mmoja. Mtoto aliyelelewa kwa Kibajuni akaanza shule kwa Kisomali, kisha akaulizwa maswali kwa Kiswahili sanifu au Kiingereza, anaweza kukaa kimya na kuandikwa kuwa ana akili nzito. Mzazi aseme mapema, kabla ya tathmini kuanza, nyumbani wanazungumza lugha gani, na aombe kukaa karibu ili afasiri. Asione haya. Kosa likishaandikwa kwenye ripoti, humfuata mtoto darasa hadi darasa.

Kwa watoto viziwi, elimu ilivuka mpaka huu zamani. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyefanya kazi Wajir kwa miaka mingi, alisaidia kuanzisha elimu ya viziwi huko, na baadaye akafungua shule ya viziwi Borama, kaskazini kabisa. Ishara zilizofundishwa Borama zilitoka Kenya kupitia viziwi wa Kisomali waliosoma Wajir. Ndiyo maana lugha ya ishara ya Kisomali ina undugu na ile ya Kenya, na mtoto wa Kismayo aliyejifunza ishara Lamu au Mombasa ana pa kuanzia akirudi kwao.

Ripoti ya tathmini na mpango wa masomo vipigwe picha kwa simu, na nakala ya karatasi ibaki na anayemlea mtoto. Baba akiwa baharini na mama sokoni Kismayo, ni shangazi wa Lamu atakayeitwa shuleni mpango ukipitiwa. Apewe barua ya wazazi inayomruhusu kusema kwa niaba yao, na aelezwe mtoto anafanya nini nyumbani: anaitikia sauti gani, anaogopa nini, anatulizwa na nini.