Mkono Mmoja Uliofanya Kazi ya Miwili

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Maneno hayo ni ya kweli katika kazi nyingi, na mtu angedhani ni ya kweli zaidi katika kazi ya kupiga piano. Chombo hicho kina vibao 88, vyeupe na vyeusi, toka sauti nene kabisa hata sauti nyembamba kabisa. Kwa desturi mkono wa kushoto hushika sauti nene, na wa kulia ndio uimbao. Basi mpigaji aliyekatwa mkono wa kulia atafanya nini?

Jambo hilo lilimpata Paul Wittgenstein, mwenyeji wa Vienna katika nchi ya Austria, aliyezaliwa mwaka 1887. Mwaka 1913 alipiga piano mbele ya watu wa mji wake kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ilianza Vita Kuu ya Kwanza, ile iliyowachukua wazee wetu wengi kuwa wapagazi wa Kariakoo. Wittgenstein alikwenda vitani pamoja na jeshi la Austria. Mwezi wa Agosti 1914 alipigwa risasi kwenye kiwiko cha kulia, akatekwa na Warusi, na mkono wake ukakatwa.

Alipokuwa mfungwa huko Siberia alijizoeza kwa kupiga vidole vyake vitano juu ya sanduku la mbao, kana kwamba ndilo piano. Tena alimwandikia mwalimu wake wa zamani, Josef Labor, aliyekuwa kipofu, akimwomba amtungie muziki wa mkono wa kushoto peke yake. Mwaka 1915 alirudishwa kwao katika kubadilishana wafungwa, na mwezi wa Desemba 1916 aliupiga muziki huo wa Labor mbele ya watu.

Huenda msomaji akauliza: Yawezekanaje? Kwanza, autazame mkono wake wa kushoto. Ukiulaza juu ya meza, kidole gumba huwa upande wa kulia, ndio upande wa sauti nyembamba. Basi gumba, lenye nguvu kuliko vidole vyote, huimba wimbo, na vidole vingine hushika sauti za chini. Pili, piano ina kikanyagio. Mguu ukikikanyaga, sauti huendelea kulia hata baada ya kidole kuondoka. Kwa hiyo mkono hupiga sauti nene, kisha huruka upesi kwenda juu kabla ile ya kwanza haijafa. Lakini mguu ukichelewa kuinuka, sauti zote huchanganyika. Ukiwahi, msingi hupotea. Hapo ndipo ustadi ulipo.

Jamaa zake Wittgenstein walikuwa matajiri, naye aliwalipa watunzi wakubwa wamtungie. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Mfaransa Maurice Ravel, ambaye koncheto yake ya mkono wa kushoto ilipigwa Vienna mwezi wa Januari 1932. Inachukua muda wa dakika 20 hivi. Huanza kwa sauti nzito za okestra, kama kutoka shimoni, kisha piano hujibu peke yake. Karibu na mwisho piano huachwa tena peke yake kwa muda mrefu, na mkono ule mmoja husafiri huko na huko bila kupumzika.

Wawili hao walikosana, maana Wittgenstein aliyageuza maneno ya mtunzi, kama tuwezavyo kusema, naye Ravel hakuridhika. Twaona kwamba Ravel alikuwa na haki. Fundi hodari huitumikia kazi. Kazi haikutungwa ili imtukuze fundi.

Basi ukipata kuusikia muziki huu katika redio au santuri, usihesabu wepesi wa vidole. Sikiliza mambo matatu: je, wimbo wasikika wazi juu ya sauti nyingine? Je, sauti nene bado i hai chini yake? Je, mpigaji apumua, au akimbia kama mtu aliyechelewa? Na ukimwona mpigaji mwenyewe, fumba macho kwanza. Ukisahau kwamba ni mkono mmoja, amefaulu. Kumpigia makofi kwa huruma si kumheshimu.

Wittgenstein alikufa Marekani mwaka 1961. Koncheto moja aliyotungiwa na Mrusi Sergei Prokofiev hakuipiga kamwe. Ilipigwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1956 na Mjerumani Siegfried Rapp, ambaye naye alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Pili. Nayo koncheto ya Ravel siku hizi hupigwa hata na watu wenye mikono miwili, wa kulia ukitulia tu. Kazi iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyejeruhiwa imekuwa mali ya wote.