Kanuni Inayokula Zaidi: Kutoka Meza ya Blackjack Hadi Simu ya Kijana wa Lanet

Kwenye meza ya blackjack, kanuni iliyo ghali kuliko zote ina tarakimu mbili tu: 6 kwa 5. Kwa desturi ya zamani, mchezaji aliyepata ree na karata yenye thamani ya 10 katika karata zake mbili za kwanza, yaani 21 ya papo hapo, alilipwa 3 kwa 2. Dau la shilingi 1,000 lilimletea faida ya 1,500. Meza za 6 kwa 5 humpa 1,200. Mkono huo huja karibu mara moja katika kila mikono 21, kwa hiyo aliyecheza mikono 100 ya shilingi 1,000 hupoteza, kwa wastani, takriban shilingi 1,400 kwa kanuni hiyo peke yake. Mchezaji makini kwenye meza yenye kanuni nzuri huiachia kasino karibu nusu ya asilimia ya pesa anazoweka. Ikiingia 6 kwa 5, makato hayo hukaribia asilimia 2. Mara nne! Wala hakuna karata iliyobadilishwa.

Kanuni nyingine hudokoa polepole. Mgawaji karata akilazimika kuongeza karata anapofika 17 yenye ree inayohesabiwa 11, kasino hujipatia karibu 0.2 ya asilimia. Mchezaji akikatazwa kuzidisha dau baada ya kutenganisha karata mbili zinazofanana, ni 0.14. Kutumia jozi sita au nane za karata badala ya moja hugharimu karibu nusu ya asilimia, na sehemu ya sababu yake ni hesabu ya darasani: ree ikishatoka katika jozi moja, karata 16 zenye thamani ya 10 zinabaki ndani ya 51, nafasi ya asilimia 31.4. Katika jozi nane nafasi hiyo ni 30.8. Ndiyo maana mtego mbaya kuliko yote ni tangazo la meza ya jozi moja ambayo malipo yake ni 6 kwa 5. Mchezaji hupewa kidogo kwa mkono wa kulia, akanyang'anywa karibu mara tatu yake kwa wa kushoto.

Lanet ni mji wa kambi ya jeshi, na wasomaji wa huko watafurahi kujua kwamba waliofanya hesabu hii kwa ukamilifu kabla ya wengine wote walikuwa askari. Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott walikuwa vijana wa jeshi la Marekani katika kambi ya Aberdeen, Maryland. Kwa mashine za kujumlishia za mezani, bila kompyuta, walikokotoa namna bora ya kucheza kila mkono, wakachapisha matokeo mwaka 1956. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo huu, maana hawakutajirika nayo. Waliwaonyesha watu ukweli tu.

Edward Thorp, mwanahisabati, alipotoa kitabu chake mwaka 1962 na kuonyesha kwamba anayehesabu karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino, kasino za Las Vegas ziliingiwa na hofu. Aprili 1964 zilitangaza kanuni mpya kali: kuzidisha dau ni kwa 11 tu, na ree mbili hazitenganishwi. Wateja wakasusa. Baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudi. Sijui kanuni nyingine ya kamari iliyofutwa haraka hivyo kwa sababu tu watu waliisoma, wakaielewa, wakaondoka mezani.

Meza karimu kuliko zote ilikuwa Atlantic City. Kasino ya Resorts ilipofunguliwa mwaka 1978, mchezaji aliruhusiwa kujitoa na kurudishiwa nusu ya dau lake hata kabla mgawaji hajatazama kama ana 21. Kwa ruhusa hiyo moja, aliyecheza vizuri alikuwa na faida ndogo juu ya kasino bila kuhesabu karata hata moja. Mwaka 1981 ikafutwa. Na aliyenufaika zaidi kwa kusoma kanuni ni Don Johnson, aliyevuna karibu dola milioni 6 katika usiku mmoja kwenye kasino ya Tropicana, Atlantic City, mwaka 2011. Hakuhesabu karata. Alikaa na wakubwa wa kasino kabla ya mchezo, akapatana nao kanuni moja baada ya nyingine, pamoja na kusamehewa asilimia 20 ya hasara kubwa. Karata zilipogawanywa, kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Turudi nyumbani. Meza inayokula zaidi huku kwetu imo ndani ya simu, na jina lake ni mkeka wa mechi nyingi. Tuseme mechi ina pande mbili zenye nguvu sawa, na kila upande umepewa odi ya 1.85. Ukiweka shilingi 100, wastani wa kinachokurudia ni 92.50, kampuni imebaki na 7.50. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, kila moja hukata sehemu yake juu ya iliyotangulia, na wastani wa kinachokurudia hushuka hadi 67.72. Mechi kumi, ni chini ya 46. Ile 6 kwa 5 niliyoilaumu hapo juu ni sadaka ikilinganishwa na hii. Kijana wa bodaboda pale steji ya Lanet huvutwa na malipo makubwa ya mkeka mrefu, na urefu huo huo ndio unaomla.

Kwa umbali wa ndoto, hakuna kinachoifikia jakpoti ya mechi 17. Ililipa shilingi 221,301,602 mwezi Mei 2017, na Februari 2018 ikalipa 230,742,881. Fedha hizo ni za kweli. Lakini mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zina njia 129,140,163 za kumalizika. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Anayebahatisha tu ana nafasi ndogo kuliko ya kuitwa jina lake katika bahati nasibu ya Wakenya wote, tena mara mbili na zaidi.

Serikali nayo ni mchezaji mezani, ingawa wengi hawaioni. Ushuru wa dau ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukawa 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 mwishoni mwa 2024. Hakuna kanuni ya karata niliyoitaja hapa iliyokaribia hapo. Sheria ya Fedha ya 2025 iliushusha hadi asilimia 5 na kuuhamisha kutoka kwenye dau hadi kwenye pesa zinazowekwa katika akaunti ya kubeti, na tofauti ni kubwa: zamani shilingi ile ile ilitozwa kila ilipochezwa, sasa inatozwa inapoingia, na asilimia 5 nyingine inapotolewa.

Mchezo wenye makato madogo kuliko yote katika eneo hili uko Hyrax Hill, jirani kabisa na Lanet, pale Mary Leakey alipochimba mwaka 1937. Mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba wenyewe. Wachezaji wawili, kete, na kanuni ambazo wote wawili wanazijua kabla ya kuanza. Hakuna wa tatu anayekata chochote.

Basi, ndugu msomaji wa Lanet, Free Area au Pipeline, kabla ya kutuma shilingi yoyote fungua ukurasa wa kanuni, jumlisha makato, kisha jiulize ni kiasi gani kati ya kila 100 kitakachokurudia. Ukikosa jibu, usitume.