Utangulizi: Mnyama Katika Maji ya Bomba

Je, maji yanayotoka bombani kwetu yana mkono wa mnyama ndani yake? Huwa nalisikia swali hili kwa mtu ambaye hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, na hataki kutumia chochote kilichomtoa mnyama uhai. Mafundi wa maji hawakufunzwa kulijibu, na wengi wakiulizwa husema tu kwamba maji ni maji. Mimi naliona ni swali halali. Tena ni mlango mzuri wa kuingilia sayansi ya kusafisha maji, kwa sababu anayelifuatilia hadi mwisho hana budi kupita mtambo mzima, kuanzia dakio hadi maabara.

Msomaji wa Bukoba au Muleba asidhani jambo hili limekuja na wageni. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, mnyama au kitu ambacho wana ukoo hawakigusi. Kwa Wabito wa Kiziba ni pongo. Msabato hali kambare kwa kuwa hana magamba. Mwislamu hataki kula kabla hajajua mnyama alichinjwaje. Kijana anayekataa senene mwezi Novemba, nyumba nzima ikikaanga, huenda akashangaza watu, lakini mababu zake nao walikwisha kuuliza kilichomo kwenye chungu cha jirani.

Tuanze na dawa. Bukoba huvuta maji Ziwa Victoria. Vijiji vingi vya Muleba hutegemea chemchemi za milimani zinazoshuka kwa mserereko. Dawa zilizozoeleka katika mitambo ya nchi yetu ni shabu, chokaa na klorini. Shabu hutengenezwa kwa madini ya boksiti na asidi, klorini kwa chumvi iliyopitishiwa umeme, chokaa kwa mawe yaliyochomwa. Mawe hayo kweli yana mabaki ya konokono na matumbawe wa kale mno, ila hao hakuna aliyewaua. Pwani ni habari nyingine: huko chokaa ya kujengea imekuwa ikichomwa kwa matumbawe yanayovunjwa baharini, na swali letu linapata uzito.

Uzito mkubwa zaidi uko Arusha. Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia na, ikizidi sana, kupinda mifupa ya miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu ilivumilia hadi 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu wa Wizara ya Maji waliendeleza dawa inayotokana na mifupa ya ng'ombe. Mifupa hukusanywa, husafishwa, hupangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa hewa kidogo. Ikiiva vibaya hubaki na mafuta, maji yakawa na rangi na harufu ya nyama. Ikiungua kupita kiasi huwa myeupe na kupoteza nguvu. Iliyoiva sawasawa huwa ya kijivu au nyeusi, husagwa chembechembe, hujazwa kwenye ndoo ya chujio, na maji yakipita floridi hunaswa na madini yaleyale yaliyoujenga mfupa. Wakenya wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru wameifanya kazi hiyohiyo kwa miaka mingi.

Kati ya meno ya mtoto na mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya bucha, mimi nauchagua mkaa huo wa mifupa bila kusita. Ila sikubali mnywaji afichwe. Mwenye mwiko ana haki ya kuambiwa, na kuambiwa pia kwamba zipo njia nyingine: ile ya Nalgonda, iliyotoka India, hutumia shabu na chokaa peke yake, ingawa hudai kazi ya kila siku na huacha tope la kutupwa. Maji ya ziwa letu hayana shida hiyo ya floridi, kwa hiyo Bukoba haihitaji mifupa. Lakini mkaa wa kuondolea harufu mbaya huweza kutokana na vifuu vya nazi, kuni, makaa ya mawe au mifupa, na kwa macho huwezi kuutofautisha.

Mimea nayo ina nafasi yake. Samia Al Azharia Jahn aliandika jinsi wanawake wa Sudan walivyotumia mbegu za mlonge kutuliza tope la maji ya Nile. Jaribio lake linawezekana hata shuleni: panga mitungi sita ya maji ya tope, tia kila mmoja kipimo tofauti cha unga wa mbegu, koroga haraka dakika moja, kisha polepole robo saa, halafu uache. Katika mtungi wenye kipimo sahihi utaona vumbi likishikana kuwa nyuzinyuzi, nyuzi zikawa madonge, madonge yakashuka, na juu yake maji yakabaki meupe. Kipimo kikizidi, tope hurudi kuelea. Mlonge hauui vijidudu vyote, na mabaki yake huozesha maji yakikaa. Klorini bado inahitajika.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani amemaliza. Kumbe mnyama ameingia kwa mlango wa maabara.

Mwaka 1881 vijidudu vya kuchunguzwa maabara vilioteshwa juu ya jelatini, inayopikwa kwa ngozi na mifupa. Joto likipanda iliyeyuka, na bakteria wengine waliila. Fanny Hesse, ambaye mumewe alifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, alipendekeza agari ya mwani wa baharini, aliyokuwa akiitumia jikoni kwake. Agari ilishinda, lakini nyongo ilibaki. Chakula cha kuoteshea alichobuni Alfred MacConkey mwanzoni mwa karne ya 20 kina chumvi za nyongo, kwa sababu bakteria wa kinyesi wamezoea utumbo na huivumilia, wengine wasiivumilie. Kina pia peptoni, ambayo mara nyingi hutoka kwenye nyama au maziwa. Kwa hiyo hata maji yasiyotiwa dawa yoyote ya mnyama huenda yamethibitishwa usalama wake kwa nyongo ya ng'ombe. Peptoni ya soya ipo, na vipo vyakula vya maabara visivyo na nyongo. Ni suala la manunuzi.

Gumu zaidi ni namba zenyewe. Ziwa likitanda ukijani, baadhi ya vijidudu vinavyouleta ukijani huo hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1 kwa lita, na kilipatikana kwa kuwanywesha panya sumu hiyo wiki 13, kisha kupasua maini yao. Kiwango kilichoonekana hakikuwadhuru, mikrogramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kiligawanywa kwa 1,000 kwa tahadhari, kisha kikageuzwa kuwa kiasi kwa kila lita ya maji anayokunywa mtu. Kikomo hicho kinamlinda pia mtoto wa nyumba isiyogusa nyama. Hakuna bomba la kulikimbilia, kwa kuwa mnyama huyu hayumo kwenye kikombe, yumo kwenye ujuzi wetu. Kinachowezekana ni kudai kwamba jaribio lililokwisha kufanywa lisirudiwe bure, na kwamba vipimo vya seli vipewe fedha na nafasi. Ndiyo maana nusu ya kitabu hiki nimeitoa kwa maabara.

Mteja wa Bukoba au Muleba anayetaka kuanza kabla ya kusoma sura zinazofuata aulize mamlaka yake mambo matatu: kama mkaa unatumika, umetokana na nini; shabu na chokaa zimenunuliwa wapi; na vijidudu vinaoteshwa juu ya chakula gani. Hayahitaji kemia, na majibu yake yamo kwenye hati za manunuzi.