Bima ya Marekani yapima maumivu kwa gramu

KAMPUNI nyingi za bima ya afya nchini Marekani hulipia upasuaji wa kupunguza matiti pale tu inapothibitika kuwa ni tiba, si urembo. Maumivu ya shingo na mgongo, mikanda ya sidiria inayochimba mabega, vipele visivyokoma chini ya matiti: yote hayo daktari huyaandika, na kueleza kuwa dawa na mazoezi ya viungo havikusaidia. Kisha inakuja mizani.

Kipimo kinachotajwa sana kinatokana na utafiti wa Dk. Paul Schnur, uliochapishwa mwaka 1991. Aliwauliza madaktari wenzake, kwa makisio yao, nani walifanyiwa kwa ajili ya nafuu na nani kwa ajili ya sura, akalinganisha majibu na uzito wa nyama iliyotolewa na ukubwa wa mwili. Mwanamke mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.7 hutakiwa kutolewa gramu 370 hivi kila titi. Mwenye mita 2 hutakiwa gramu 628. Yaani makisio ya madaktari yamegeuzwa kuwa sharti la malipo, ingawa tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa hata waliotolewa nyama kidogo walipata nafuu.

Aliyekatwa titi kwa saratani ana kinga zaidi. Sheria ya mwaka 1998 inaitaka bima inayolipia ukataji huo ilipie pia kusawazisha titi la pili.

Wanaume wanaoota matiti wana mlango mwembamba zaidi, kwani kampuni nyingi huhesabu upasuaji wao kuwa urembo. Zinazolipa hutaka uthibitisho kuwa kilichovimba ni tezi, si mafuta, na kwamba dawa zinazoweza kuleta hali hiyo, kama spironolactone, zimeangaliwa. Kijana wa balehe huambiwa asubiri, na si bila sababu, maana kwa wengi uvimbe hupungua wenyewe.

Mwenye duka anayewanunulia wafanyakazi wake bima huko asitazame ada peke yake. Dai likikataliwa kwa hoja ya kitabibu, mikataba mingi, kwa sheria ya mwaka 2010, inaruhusu rufaa kwa mkaguzi wa nje. Lakini upasuaji huu ukiwa umetajwa kwa jina kwenye orodha ya mambo yasiyolipiwa, hata gramu elfu moja hazitasaidia. Orodha hiyo iombwe kabla ya kutia saini.